Nyumba ya Ntalikwa, kodi ya nani?

Ndugu msomaji, huenda nawe ni mmoja wa wafanyakazi wengi wa mjini waliojenga nyumba kwao. Umeijenga kwa miaka, bati moja baada ya jingine, na kila mwisho wa mwezi ulijinyima kitu fulani ili mfuko wa saruji upatikane. Lakini humo ndani hulali ila majuma mawili kwa mwaka, wakati wa likizo. Siku nyingine zote anayefagia ua na kufunga milango ni mtu mwingine. Je, umewahi kujiuliza ni nani anayeilipia kodi nyumba hiyo?

Tuchukue mfano wa Ntalikwa, kata iliyomo katika Manispaa ya Tabora. Tuseme kijana wa huko ameajiriwa Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 840 kwa reli ya kati. Shangazi yake, aliyemlea baada ya mama kufariki, alikuwa akiishi katika nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi. Kijana akaona haya. Akamjengea nyumba ya matofali ya kuchoma, akaiezeka bati na kuingiza umeme. Siku ya kuhamia watu walikula, wakacheza ngoma na kumpongeza. Juu ya kodi hakuna aliyesema neno.

Siku chache baadaye shangazi akampa mtoto shilingi 5,000 akanunue umeme dukani. Mtoto akarudi na umeme pungufu, kwani shilingi 1,500 zilikuwa zimekatwa. Bibi yule akadhani mwenye duka amemwibia. Kumbe hakuibiwa. Alikuwa amemlipia mwanawe wa Dar es Salaam kodi ya majengo.

Msafiri na kodi yake

Jambo hili si geni katika nchi ya Unyamwezi. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, maelfu ya Wanyamwezi walikwenda pwani kwa miguu wakiwa wapagazi, wakibeba pembe za ndovu na kurudi na nguo. Mwanamume aliweza kukosekana nyumbani kwa miezi mingi, na mji ukabaki mikononi mwa wanawake na wazee. Wafanyabiashara wa pwani na wa Oman nao walikuwa na matembe makubwa huko Unyanyembe, ingawa kwao kulikuwa mbali. Katika tembe la namna hiyo, pale Kwihara, ndimo alimokaa Livingstone mwaka 1872, na hata leo wageni huenda kulitazama.

Mwaka 1897 Serikali ya Kijerumani ilitoa amri ya kodi ya nyumba. Kima cha kawaida vijijini kilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Kodi hiyo haikuuliza kama mwenye nyumba yupo au yuko safarini; iliitazama nyumba. Waingereza nao wakaendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa. Vijana wengi wa Tabora waliokwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wale walioitwa manamba, walikwenda kutafuta fedha za kodi hiyo. Hivyo mtu aliiacha nyumba yake ili aweze kuilipia.

Kodi ya kichwa imekwisha. Ya mwisho ya jamii hiyo, kodi ya maendeleo, ilifutwa mwaka 2003. Kodi ya majengo ingalipo, nayo kazi yake ni nyingine: inasaidia kugharimia huduma za umma, ambazo shangazi anazihitaji kila siku na wewe unazihitaji ufikapo likizo. Hatusemi kwamba isilipwe. Tunauliza ni nani ailipe.

Sheria inavyosema

Kodi ya nyumba ni ya zaidi ya miaka mia. Lakini utaratibu wa kukata kodi hii katika LUKU ni wa juzi tu, ulianza tarehe 20 Agosti 2021. Nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na ya ghorofa shilingi 5,000 kwa kila ghorofa. Mwaka 2023 viwango vilipandishwa vikawa shilingi 1,500 na 7,500. Kwa nyumba ya kawaida hiyo ni shilingi 18,000 kwa mwaka.

Mdaiwa wa kodi hii ni mwenye jengo. Mpangaji au ndugu anayekaa humo anakatwa kwa sababu tu yeye ndiye anunuaye umeme. Nyumba ikifungwa, deni halilali; hujikusanya mwezi kwa mwezi. Ukirudi likizo baada ya miezi kumi, umeme wa kwanza utakaonunua utakatwa shilingi 15,000 kabla taa haijawaka.

Sasa tazama mkasa wa yule shangazi. Nyumba za udongo na za nyasi za kuishi zimesamehewa kodi hii. Maana yake ni kwamba alipokuwa chini ya paa lake la nyasi hakudaiwa kitu. Zawadi ya mwanawe ndiyo iliyomletea kodi. Sheria humsamehe pia mzee wa miaka 60 au zaidi anayekaa katika nyumba yake mwenyewe. Lakini nyumba hii ni ya kijana, na kijana si mzee wala haishi humo.

Katika nchi nyingine asiyekaa nyumbani hubanwa zaidi. Ufaransa imewaondolea watu kodi ya makazi kwa nyumba wanazoishi, lakini wenye nyumba za mapumziko wanaendelea kuilipa. Huko Uingereza, tangu Aprili 2025, halmashauri zinaweza kumtoza mwenye nyumba ya pili hadi mara mbili. Kwetu kiwango ni kimoja kwa aliyepo na asiyekuwapo. Basi tusilalamike, tulipe.

Yapasayo kufanywa

Kwanza, ukimtumia mzazi au ndugu fedha za matumizi, ongeza shilingi 1,500 za kodi kila mwezi, na umweleze ni za nini. Kama umempangisha mtu, patana naye mapema namna utakavyomrudishia, au mpunguze katika pango.

Pili, kama nyumba moja ina mita mbili au zaidi, nenda ukaeleze, ili jengo moja lisitozwe mara mbili. Kama haina umeme, usidhani umesahauliwa. Ulizia deni lako.

Tatu, usichanganye kodi ya majengo na kodi ya pango la ardhi. Hii ya pili hudaiwa kwa kiwanja chenye hati, hulipwa kila mwaka, wala haimo katika LUKU. Asiyeilipa anaweza hatimaye kunyang'anywa miliki. Na kama shamba lako liko katika ardhi ya kijiji, kumbuka kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huweza kulihesabu kuwa limetelekezwa likikaa bila kutumiwa kwa miaka mitano au zaidi. Anayelima humo kwa niaba yako anakulindia haki yako.

Nne, weka stakabadhi zote mahali pamoja, na mwenzako wa ndoa apajue.

Kwa mtu wa mjini shilingi 1,500 ni nauli ya siku moja. Kwa mama mzee wa Ntalikwa ni mboga, chumvi na mafuta ya taa ya siku umeme unapokatika. Si haki yeye aliyekulea akulipie pia kodi, tena bila kujua. Leo jioni, kabla hujalala, mpigie simu umuulize: "Shangazi, ukinunua umeme hukatwa kiasi gani?"