Viungo Vinauma, Vipimo Vyote Safi

Ukitaka kujua mtu wa Ndara, huku Taita karibu na Voi, ameteswa na viungo kwa muda gani, mwombe akuonyeshe daftari lake la hospitali. Ni daftari la shule tu, jalada limeshachakaa, na katikati ya kurasa zake zimekunjwa karatasi za maabara. Lisome kwa utaratibu. Magoti yanauma, mabega, viganja. Malaria hakuna. Taifodi ipo, apewe dawa. Baada ya wiki chache karudi, viungo bado. Brusela ipo, dawa za wiki sita na sindano juu yake. Bado. Asidi ya yuriki sawa, eksirei ya magoti sawa. Ukurasa wa mwisho una maneno mawili ya mkato: hana ugonjwa.

Maneno hayo mawili ndiyo ninayoyapinga leo. Vipimo vikitoka safi vina maana yake, na mara nyingi ni maana njema. Lakini havijasema kwamba mtu haumwi. Hakuna mashine popote duniani, iwe Voi, Nairobi au London, inayopima maumivu. Anayejua kama yapo ni anayeumwa.

Kila kipimo hujibu swali moja, basi. Chukua rumatoidi fakta, kipimo ambacho huagizwa karibu kila mara mtu anapotaja viungo. Kati ya wagonjwa watano wenye baridi yabisi ya kweli, ile inayovimbisha na kupinda vidole, mmoja au zaidi hutoka hasi. Na wako wazee wazima wa afya ambao hutoka chanya maisha yao yote bila kuugua. Asidi ya yuriki vivyo hivyo: wengi walio nayo juu hawapati gauti kamwe, na mwenye gauti anaweza kupimwa siku kidole gumba cha mguu kinapowaka moto, akaambiwa yuko kawaida. Eksirei nayo huonyesha mfupa. Baridi yabisi changa, ya miezi ya mwanzo, bado iko kwenye utando wa ndani wa kiungo, kwa hiyo filamu hutoka safi kabisa huku ugonjwa ukiendelea.

Brusela inastahili maneno yake. Huku kwetu ugonjwa wenyewe upo: tumezungukwa na ranchi, ng'ombe na mbuzi hufika kutoka kaunti nyingine kutafuta malisho, na wako wasiochemsha maziwa. Brusela ya kweli huuma mgongo na nyonga, hutoa jasho jingi usiku, na ikiachwa huharibu kiungo. Ila kile kipimo cha haraka, cha tone la damu linalochanganywa na dawa na kutazamwa kama litaganda, hudanganya mno. Watafiti waliokifuatilia katika vituo vya afya vya magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2017, walikuta kwamba wengi sana wa walioambiwa wana brusela hawakuwa nayo. Mtu humeza dawa kali kwa wiki sita kwa ugonjwa asiokuwa nao. Asipopona huambiwa brusela imekuwa sugu, naye huanza tena.

Kuna sababu nyingine ambayo sijaiona ikiandikwa kwenye madaftari hayo, ingawa ni ya pwani hii hii. Mwaka 2004 kisiwa cha Lamu kilipigwa na chikungunya. Damu za wakazi zilipopimwa, ilikadiriwa kuwa watu watatu kati ya kila wanne walikuwa wameambukizwa. Virusi vikashuka Mombasa mwaka huo huo, vikavuka bahari hadi Ngazija na Réunion, kisha India. Mwishoni mwa 2017 mlipuko ukazuka tena Mombasa na kuendelea hadi 2018. Ugonjwa wenyewe ulitambuliwa kwa mara ya kwanza nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanzania, mwaka 1952 na 1953. Ndugu yake, o'nyong-nyong, alianzia kaskazini mwa Uganda mwaka 1959 na kwa miaka mitatu hivi akaangusha watu wapatao milioni mbili Afrika Mashariki. Tumeishi na virusi hivi vya viungo muda mrefu kuliko tunavyokumbuka.

Mbu wa chikungunya huuma mchana, na huzaana kwenye maji yaliyotulia karibu na nyumba: pipa, tairi, mtungi. Sasa fikiria Voi, mji ambao mifereji hukauka na kila nyumba ina mapipa, ukiwa kilomita kama 150 kutoka Mombasa, magari na garimoshi vikipita mchana na usiku. Mtu huenda msibani Likoni, hurudi na homa kali, hupewa dawa za malaria, homa huisha kwa siku chache. Viungo ndivyo vinavyobaki. Kwa wengi huchukua wiki. Kwa baadhi, hasa wenye umri mkubwa au waliokuwa na shida ya viungo tangu hapo, huchukua miezi na hata miaka, leo vifundo vya mikono, kesho vya miguu. Atakapofika hospitalini miezi minane baadaye, alama za maambukizi mapya kwenye damu zimeshafifia, na kipimo chenyewe hakipo kwenye maabara nyingi za kaunti.

Kinachobaki ni kuuliza. Kabla ya maumivu haya kuanza, ulipata homa ya ghafla? Ulitoka vipele? Viungo vilikaza hadi ukashindwa kushika kikombe? Ulikuwa wapi, na nani mwingine nyumbani aliugua wiki hiyo? Uliza pia juu ya maji, kwa sababu visima vyenye floraidi nyingi, vinavyojulikana sana Bonde la Ufa na pande za Kilimanjaro, hukaza mgongo na viungo vya mtu aliyeyanywa tangu utotoni, na meno yake ya hudhurungi huwa yameshatoa habari. Maswali haya hayalipiwi kaunta.

Baada ya maswali ni mikono. Miaka ya nyuma mradi ulioitwa Uwezo, wa wataalamu wa Kenya wakishirikiana na wenzao wa ng'ambo, ulifundisha watoa huduma wa afya nchini namna ya kumkagua mgonjwa wa viungo kwa dakika chache bila kifaa chochote. Sijui mafunzo yenye faida kubwa kuliko hayo kwa kaunti kama yetu. Ukaguzi huanza na maswali matatu: je, una maumivu au kukakamaa kwenye misuli, viungo au mgongo, unaweza kuvaa nguo zako bila shida, unaweza kupanda na kushuka ngazi? Kisha mgonjwa hutembea, huinua mikono, huchuchumaa. Nami, nikimkagua mgonjwa wangu, namshika kiganja na kukibana taratibu kutoka pande mbili, pale vidole vinapoanzia. Akishtuka, nagusa kifundo kimoja kimoja kwa vidole gumba viwili. Kiungo chenye ugonjwa wa kuvimba kina joto kuliko ngozi ya jirani, kinabonyea, na vile vibonde kati ya vifundo vimejaa vikapotea. Mwisho namuuliza asubuhi humchukua muda gani kabla vidole havijalainika akaweza kufunga vifungo vya shati.

Mwenye uvimbe wa namna hiyo, na anayekakamaa zaidi ya nusu saa kila asubuhi kwa wiki sita, asirudishwe nyumbani kwa sababu karatasi za maabara ni safi. Apelekwe hospitali ya rufaa ya kaunti, Moi, hapa Voi, na kutoka hapo kwa daktari bingwa wa baridi yabisi. Mabingwa hao ni wachache sana nchini na wengi wako Nairobi, ndiyo maana rufaa ianze mapema, kabla vidole havijapinda. Anayekonda bila sababu, anayenyonyoka nywele, mwenye vidonda vya mdomoni visivyoisha au vipele vya usoni vinavyochachamaa juani, naye asingoje. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto, na mtu ana homa, hiyo ni safari ya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na kila mwenye maumivu ya muda mrefu apimwe mara moja ukimwi, homa ya ini na tezi ya shingo, kwani shida zote hizo tatu zaweza kujitokeza kwanza kama maumivu ya viungo.

Ukishafanya hayo yote kwa uaminifu, bado unabaki na kundi kubwa: hawana uvimbe, hawana joto, hawana kitu kwenye damu, na wanaumwa kila siku. Hawa ndio wanaoumiza moyo wangu zaidi, maana ndio wanaoambiwa maumivu yao ni ya kichwani.

Mwaka 1983 Clifford Woolf, akifanya utafiti London, alionyesha kwa panya kwamba baada ya jeraha neva za uti wa mgongo hubadilika, zikawa zinaitikia kwa nguvu hata mguso mdogo. Tangu hapo ushahidi umerundikana kwa binadamu pia. Ni kama mbwa: wa shamba lililowahi kuingiliwa na ndovu usiku hubweka baadaye hata kwa jani linaloanguka. Masikio yake ni mazima na kubweka kwake ni kwa kweli, ila ndovu hayupo. Neva nazo zinaweza kufika hapo baada ya ajali, chikungunya, uchovu wa miaka au huzuni nzito. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kiliyapa maumivu ya aina hii jina lake rasmi mwaka 2017. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, inatambua maumivu ya kudumu kama ugonjwa wenyewe yakizidi miezi mitatu na kumvuruga mtu maisha, hata kama hakuna kidonda kinachoonekana.

Usingizi una nafasi kubwa hapa, na kwa watu wa Ndara na Sagalla jambo hili ni zito kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1975 Harvey Moldofsky na wenzake wa Toronto walichapisha jaribio dogo: walichukua vijana wenye afya, wakawa wanawasumbua kila walipoingia usingizi mzito. Kwa siku chache tu vijana hao wakaanza kuumwa misuli na kuchoka, wakabonyezwa mahali pa kawaida wakasikia maumivu. Walipoachwa walale, yakaisha. Sasa mtazame mkulima wetu wakati mahindi na pojo vinakaribia kukomaa. Ndovu wa Tsavo wameshanusa. Analala juu ya dungu na tochi na debe la kupiga, au halali kabisa, mwezi mzima, na mchana kazi iko pale pale. Anapokuja mwezi wa pili akilalamika mwili wote, huwa namuuliza analala wapi kabla sijamuuliza anaumwa wapi. Uzio wa mizinga ya nyuki uliojaribiwa Sagalla miaka hii uliwekwa kulinda mazao. Mimi nauhesabu pia kuwa kinga ya migongo na magoti, kwa kuwa unamrudisha mtu kitandani. Jirani wanaogawana zamu za usiku wanafanya kazi ileile.

Kuhusu moyo na mwili, wazee wa Kitaita hawakungoja maabara. Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyeishi Taita mapema miaka ya 1950 na kuandika juu ya dini ya Wataita, alieleza ibada ya kutasa: mtu huchukua funda la kinywaji, hulitema kwa kurusha, huku akitamka maneno ya kuondoa hasira iliyofichika kifuani. Hasira iliyofungiwa iliaminika kuleta maradhi, hata kwa jamaa wengine. Simwambii mgonjwa wangu akatase, wala simwambii maumivu yake ni hasira. Lakini nikisikia kwamba magoti yalianza kuuma mwaka uleule shamba liliposhindaniwa na ndugu, naliandika kwenye daftari sawa na ninavyoandika shinikizo la damu, kwa sababu huzuni na hofu hupita kwenye neva zilezile.

Tiba ya kundi hili la wanaoumwa bila uvimbe ni ya polepole. Mwili urudishiwe mwendo, kwa kipimo kidogo kuliko anachofikiri anaweza: kutembea dakika kumi siku njema na dakika kumi siku mbaya, akiongeza dakika chache kila wiki. Kosa ninaloliona sana ni la mtu anayejisikia nafuu Jumamosi, akalima kutwa, kisha akalala siku nne. Bibi anayebeba mtungi wa lita 20 agawe safari, abebe nusu. Kwenye dawa, panadol na ibuprofeni husaidia kidogo tu hapa. Amitriptilini ya kiwango cha chini usiku huwafaa baadhi, lakini mgonjwa aelezwe tangu mwanzo kwamba dawa hiyo hutumika pia kwa sonona na kwamba yeye anapewa kwa ajili ya neva na usingizi. Asipoelezwa, atasoma karatasi iliyo ndani ya pakiti na kuamini amedhaniwa kichaa.

Ninaloliogopa zaidi liko kemisti. Sindano ya diklofenaki kila baada ya siku chache huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, hasa za mwenye presha. Na ule mseto wa vidonge visivyo na jina, vinavyofungwa kwenye karatasi, vinavyofanya mtu acheze ngoma ndani ya siku mbili, mara nyingi una deksamethasoni au prednisoloni. Baada ya miezi uso huvimba ukawa wa mviringo, sukari hupanda, mifupa hulegea, na tezi zinazotengeneza homoni hiyo mwilini hulala. Kama umekuwa ukivimeza kwa wiki nyingi, usiviache ghafla hata baada ya kusoma haya, maana mwili unaweza kuporomoka. Vichukue vilivyobaki, pamoja na karatasi yake, umpelekee tabibu akupunguzie kidogo kidogo.