MANENO YA KIINGEREZA KATIKA KARATASI ZA KAZI

Asubuhi na mapema watu wengi huonekana wakisimama mbele ya malango ya viwanda vya Thika na Ruiru, wakingoja kuitwa kazini. Mazungumzo ya langoni huwa ya Kiswahili au ya Kikuyu. Lakini mtu akisha kuandikwa, karatasi anayopewa atie sahihi mara nyingi huwa ya Kiingereza. Wako wanaotia sahihi upesi kwa kuogopa nafasi isichukuliwe na mwingine, kisha hujua maana ya maneno yaliyomo siku wanapoondolewa.

Karatasi na kazi zimefuatana tangu zamani. Neno kibarua lenyewe lilitokana na barua ndogo aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa, ili aionyeshe na kupata ujira wake. Siku hizi maneno ya karatasi hizo yamepewa maana na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, na maana hiyo haipatikani yote katika kamusi. Yafaa machache yaelezwe.

Kazi ya kutwa

Neno "casual" katika mazungumzo ya Kiingereza ni jambo lisilo na uzito, au nguo zisizo rasmi. Katika sheria ni mtu anayelipwa kila siku jioni, ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, sheria humhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, ingawa karatasi bado yamwita "casual". Tangu hapo hawezi kuambiwa jioni kwamba kesho asije, bila ya notisi ya siku 28 au malipo badala yake.

Kazi ya majaribio

"Probation" ni muda wa kumpima mfanya kazi. Muda huo usizidi miezi 6, wala usiongezwe ila kwa kukubaliana naye, na nyongeza yenyewe isizidi miezi 6 mingine. Katika muda huo kila upande waweza kuvunja mapatano kwa notisi ya siku 7, na mwajiri aweza kulipa mshahara wa siku hizo badala ya notisi.

Mshahara wa jumla na wa mkononi

"Gross" ni mshahara kabla ya makato, na "net" ni fedha zinazobaki. Kwa viwango vya mwaka 2025, mtu wa Sh. 20,000 kwa mwezi alikatwa Sh. 1,200 za akiba ya uzeeni ya NSSF, Sh. 550 za bima ya afya, na Sh. 300 za nyumba. Akabakiwa na Sh. 17,950. Basi anayeahidiwa mshahara na aulize kwanza ni upi kati ya hiyo miwili, kabla ya kupanga kodi ya nyumba na karo ya watoto.

Kuondoka kazini

Hapa ndipo neno moja laweza kumpotezea mtu fedha nyingi. "Resignation" ni kuacha kazi kwa hiari. "Summary dismissal" ni kufukuzwa bila notisi kamili kwa sababu ya kosa kubwa, kama vile kulewa kazini. "Redundancy" ni kuondolewa bila kosa lolote, kwa kuwa kazi yenyewe imekwisha au imepunguzwa. Aliyeondolewa kwa njia hii ya tatu hustahili notisi isiyopungua mwezi mmoja, fedha za likizo anazodai, na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotimiza.

Mtu aliyetimiza miaka 6 kiwandani, kazi yake ikapunguzwa, hudai malipo ya siku 90. Akitia sahihi karatasi yenye neno "resign" kwa kudhani ni risiti tu, atakuwa ameandika kwamba aliondoka kwa kupenda kwake, na itakuwa vigumu kuzidai siku hizo.

Haki ya kuelezwa

Hata hivyo mtu asiyejua Kiingereza hakuachwa. Kifungu cha 9 cha sheria hiyo chasema kwamba mfanya kazi asiyejua kusoma, au asiyefahamu lugha ya mkataba, hana budi kuelezwa na mwajiri kwa lugha anayoifahamu. Kifungu cha 41 chataka vivyo hivyo mtu anapotaka kufukuzwa kwa kosa: aelezwe sababu kwa lugha yake, na ajibu mbele ya mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama cha wafanya kazi aliyemchagua mwenyewe.

Kwa hivyo kuuliza si ukaidi, wala si aibu. Mfanya kazi na aombe karatasi isomwe na kuelezwa kabla ya kushika kalamu, kisha aweke nakala yake mahali salama. Ikiwa hakuridhika, aipeleke kwa Afisa wa Kazi wa serikali. Kuuliza mapema ni rahisi kuliko kuitengua sahihi iliyokwisha kuwekwa.