Breki iliyo kwenye ubongo wa samaki wa dhahabu

Kambare jike aliyefugwa bwawani anaweza kukaa muda mrefu na tumbo lililojaa mayai asiyatage. Chakula anapata, maji ni mazuri, madume wapo, lakini mayai hayatoki. Kwenye mito na maziwa, kambare hungoja mvua kubwa na mafuriko yanayofunika nyasi za kandokando, na dalili hizo hazimfikii bwawani. Ndiyo maana wazalishaji wa vifaranga wa Kenya, Uganda na Tanzania humchoma jike sindano ya homoni jioni, na alfajiri wanamkamua mayai kwenye beseni kavu. Mojawapo ya dawa wanazotumia ni Ovaprim. Wanaoichoma ni wengi, lakini wanaojua kwamba chimbuko lake ni utafiti juu ya samaki wa dhahabu, yule wa mapambo anayefugwa kwenye tangi la kioo sebuleni, ni wachache, na naona wanastahili kujua.

Samaki wa dhahabu, Carassius auratus, alianza kufugwa China zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Ni ndugu wa karibu wa karpi, samaki anayelisha mamilioni ya watu barani Asia. Maabara humpenda kwa kuwa ni mvumilivu, hapatikani kwa shida, na hutaga ndani ya tangi maji yakifika nyuzi joto 20 hivi na majani ya kutagia yakiwemo.

Katika Chuo Kikuu cha Alberta, mjini Edmonton, Kanada, mwanasayansi Richard Peter alitumia miaka mingi kuuchunguza ubongo wa samaki huyu. Mwaka 1975 yeye na mwenzake walichapisha ramani ya sehemu ya mbele ya ubongo huo, yenye vipimo vya kumwezesha mtafiti kufikisha ncha nyembamba ya chuma mahali hasa anapopataka. Kwa ramani hiyo waliharibu vieneo vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine, kisha wakapima homoni za uzazi kwenye damu. Mtu angetarajia kwamba ukiharibu sehemu ya ubongo inayosimamia uzazi, homoni zitashuka. Matokeo waliyochapisha mwaka 1980 yalikuwa kinyume: eneo fulani lililo mbele ya sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi likiharibiwa, homoni ilipanda, na majike waliokomaa wakaachilia mayai.

Maana yake ni kwamba eneo lile lilikuwa linazuia. Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa kizuizi chenyewe ni dopamini, kemikali ambayo na sisi tunayo ubongoni. Kwa hiyo tezi ya pituitari ya samaki huyu, iliyo chini ya ubongo, hupokea amri mbili zinazopingana. Homoni iitwayo GnRH huichochea itoe LH, ile ile ambayo kwa mwanamke hupanda ghafla kabla yai halijatoka. Dopamini nayo huizuia. Kwa binadamu GnRH husafiri hadi kwenye tezi hiyo kwa mishipa midogo ya damu, ila kwa samaki wa jamii hii nyuzi za neva zinapenya moja kwa moja ndani ya tezi. Ukimchoma GnRH peke yake ni sawa na kukanyaga mafuta huku breki imeshikwa. Breki ikiachiwa kwa dawa inayozuia dopamini, kiasi kile kile cha GnRH hupandisha LH mara nyingi zaidi.

Peter akashirikiana na Lin Haoran wa Chuo Kikuu cha Zhongshan, Guangzhou, kujaribu mchanganyiko huo kwa karpi wa kufugwa nchini China. Njia yao ikaitwa Linpe, kutokana na majina yao wawili. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, nao walikuta breki hiyo hiyo kwa kambare wa Afrika katika miaka ya 1980. Ovaprim ni mchanganyiko wa aina hiyo: kila mililita ina maikrogramu 20 za GnRH ya kutengenezwa na miligramu 10 za domperidoni, dawa inayozuia dopamini.

Njia ya zamani, iliyoanza Amerika Kusini miaka ya 1930, bado inatumika katika vituo vyetu vingi: kambare mkubwa anachinjwa, fuvu linapasuliwa, pituitari inatolewa, inasagwa kwenye maji ya chumvi na kuchomwa jike. Inafanya kazi, maana inampa LH iliyokwisha tengenezwa. Lakini inagharimu samaki mzazi, na nguvu ya tezi moja hailingani na ya nyingine. Sindano yoyote kati ya hizi haitengenezi mayai; inamalizia tu hatua ya mwisho kwa mayai yaliyokwisha kukomaa, na muda wake unategemea joto la maji. Kwenye nyuzi 25 kambare huwa tayari baada ya saa 11 hivi, na kwenye nyuzi 20 muda huo hukaribia maradufu.

Edmonton hawakuishia kwenye ubongo. Norman Stacey na Peter Sorensen walionyesha kwamba homoni za jike huzungumza na madume kupitia maji. LH ikipanda, mwili wa jike hutoa steroidi fulani ambayo sehemu yake huvuja majini. Madume huinusa hata ikiwa kidogo mno, LH yao nayo hupanda, na kufika alfajiri wana manii ya kutosha. Mayai yakishaachiliwa, jike hutengeneza prostaglandini, inayomwamshia hamu ya kutaga na kutoka na mkojo, na madume huifuata harufu hiyo kwa kasi. Jike asiye na yai hata moja, akichomwa prostaglandini, huingia kwenye majani, hujilaza ubavu na kutenda vyote vya kutaga. Kwangu hili ndilo jambo la ajabu kuliko yote katika utafiti huu: molekuli ile ile ni amri ndani ya mwili mmoja na ni habari kwa mwili mwingine.

Domperidoni wengi tunaijua kutoka duka la dawa, kwa kichefuchefu. Kwa binadamu pia dopamini ni breki ya pituitari, ila inachozuia zaidi ni prolaktini, homoni ya maziwa. Ndiyo sababu domperidoni, metoklopramidi na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili zinaweza kumfanya mwanamke asiyenyonyesha atoe maziwa, hedhi ivurugike na mimba ichelewe. Domperidoni inaweza pia kuvuruga mapigo ya moyo, na mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliiwekea masharti makali. Anayeona dalili hizo asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Aende hospitali na orodha ya dawa zote anazotumia, hata zile alizonunua bila cheti, aombe kupimwa prolaktini.