Mlango wa Mchezo

Leo tutajifunza kwa nini kompyuta mbili za nyumba moja hushindwa kuonana katika mchezo wa zamani, kama Age of Empires II, uliotolewa mwaka 1999.

Baba yuko chumba hiki, mwanawe chumba kile. Baba anaanzisha mchezo. Mtoto anatazama orodha, haoni kitu. Wanadhani kompyuta imeharibika, na fedha ya fundi inatafutwa. Ngojeni kwanza.

Adapta ya mtandao ni kama mlango wa nyumba: habari hutoka na kuingia hapo. Zamani kompyuta ilikuwa na milango michache. Ya leo ina mingi: wa waya, wa Wi-Fi, na mingine isiyoshikika kwa mkono, iliyowekwa na programu kama VirtualBox au za VPN. Mchezo wa zamani huweza kuchagua mlango usiofaa. Hapo huwa kama tarishi aliyetokea uani, akapiga hodi pasipo na mtu.

Basi, katika kompyuta ya Windows, fanya hivi:

1. Hakikisha kompyuta zote mbili zimo katika mtandao mmoja. Funga mchezo.

2. Shikilia kitufe cha Windows, bonyeza R. Andika ncpa.cpl, kisha bonyeza Enter. Utaona adapta zote.

3. Andika daftarini jina la ile inayokupa mtandao. Hiyo usiiguse.

4. Bonyeza nyingine kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Disable", yaani zima. Zima moja moja, na kila unayoizima uiandike.

5. Fungua mchezo, ujaribu. Kama bado, zima inayofuata. Fanya vivyo hivyo katika kompyuta ya pili.

Mkimaliza kucheza, rudi palepale, uchague "Enable", yaani washa, kwa kila jina uliloliandika. Usisahau! Adapta ya VPN ikibaki imezimwa, huenda kesho mama asiweze kuingia katika mtandao wa kazini kwake. Haraka haraka haina baraka. Daftari ndilo litakalokukumbusha.

Maswali ya kujibu nyumbani: Adapta ni nini? Kwa nini tunazima moja moja? Ni ipi tusiyoizima?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.