Ubao uliosalimika na randa

Mwishoni mwa Desemba 1859, mgeni asiyetaka kutaja jina alibisha hodi kwa daktari wa kijiji cha Orgères-en-Beauce, Ufaransa. Hakuwa mgonjwa. Alimbana mwenyeji wake kwa maswali kama wakili ambanavyo shahidi: uliona nini, saa ngapi, ulipimaje?

Daktari Edmond Lescarbault alishikilia kwamba tarehe 26 Machi aliona kwa darubini yake kidoa cheusi cha mviringo kikikatiza uso wa Jua kwa zaidi ya saa moja. Saa yake haikuwa na mshale wa sekunde, kwa hiyo sekunde alizihesabu kwa kitufe cha pembe ya ndovu kilichoning'inia kwa uzi wa hariri kwenye msumari. Na hesabu aliziandika wapi? Kwenye ubao. Ukijaa, huupiga randa na kuanza upya. Mgeni akataka kuuona. Daktari akatoka mbio kuutafuta, akaukuta haujaguswa.

Mgeni mwenyewe alikuwa mwanaastronomia Urbain Le Verrier, na ubao ule ukamtosha. Mtu mkali kama yeye, kuridhika na ubao! Lakini alikuwa na sababu. Mwaka 1846 aliona kwenye hesabu kwamba Uranusi inavutwa na kitu kisichojulikana, akakokotoa kilipo, akawaandikia wanaastronomia wa Berlin. Mmoja wao, Johann Galle, alielekeza darubini, na usiku uleule, Septemba 23, Neptuni ikaonekana karibu kabisa na alipoelekezwa.

Sasa Utaridi nayo ilikuwa na kasoro. Njia yake kuzunguka Jua hugeuka taratibu, na hata ukishatoa mvuto wa sayari zote, hubaki ziada isiyo na mwenyewe: digrii moja igawe mara 3,600, kisha chukua vipande 38 tu, kwa miaka 100. Le Verrier akarudia dawa iliyomponya mara ya kwanza: ipo sayari nyingine, karibu zaidi na Jua. Ikaitwa Vulcan. Januari 1860 Lescarbault akavishwa nishani ya Légion d'honneur.

Tatizo ni kwamba Emmanuel Liais, aliyekuwa Brazili akilitazama Jua wakati uleule, hakuona kidoa chochote. Walioamini hawakujali. Jua lilipopatwa Marekani tarehe 29 Julai 1878, James Craig Watson akiwa Wyoming na Lewis Swift akiwa Denver walisema wameiona Vulcan. Ila mahali walipopataja hapakulingana, na wenzao wengi waliotazama anga ileile hawakuona kitu. Le Verrier alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, Septemba 23, siku ileile ya Neptuni, akiwa bado anaiamini Vulcan.

Ziada ya Utaridi haikuwa ndoto, na vipimo vya baadaye viliifikisha vipande 43. Kilichopungua ni kanuni ya mvuto ya Newton yenyewe. Novemba 1915 Albert Einstein aliikokotoa ziada hiyo upya kwa nadharia iliyosema uzito wa Jua hupinda nafasi na wakati, akapata 43 bila kuongeza sayari yoyote. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha.

Lescarbault hakuwahi kuyasikia hayo, maana alifariki 1894. Miaka mitatu kabla alikuwa ametangaza tena ugunduzi, safari hii nyota mpya inayong'aa katika kundi la Simba. Waliotazama walikuta ni Zohali.