Mgeni na laini ya simu

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo sisi wenyeji tumelizoea hata hatulioni tena, lakini mtu anayehamia nchini hukutana nalo siku ya kwanza: achukue laini gani ya simu, na ajiunge na kifurushi kipi.

Hapa kwetu Mpanda wageni hawakosekani. Wako wanaovuka Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Kongo na kushukia Karema na biashara zao. Wako wanaotoka Burundi kuwafuata ndugu zao Katumba na Mishamo. Swali lao la kwanza, aghalabu kabla hata ya kuuliza nyumba ya kupanga, ni hili: mtandao gani una kifurushi cha bei nafuu? Swali si baya. Kosa lake ni kwamba limetangulia mbele ya swali jingine lililo kubwa zaidi, nalo ni hili: laini hiyo itasajiliwa kwa jina la nani?

Nieleze. Zamani laini ilinunuliwa dukani kama kiberiti. Ikaja Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ikataka kila laini iwe na mwenyewe anayejulikana. Mwaka 2019 ukaja usajili wa alama za vidole. Mwisho wake uliwekwa tarehe 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Mwenyeji husajili kwa namba yake ya NIDA, na mgeni aliyekuja kutembea husajili kwa pasi ya kusafiria.

Sasa mgeni wetu wengine hana pasi mkononi, au anayo lakini foleni imemchosha, na mwenyeji wake ana moyo mweupe. "Usihangaike bwana, nitakusajilia mimi." Kidole kinawekwa, laini inatoka, mgeni anashukuru. Hapo mambo huonekana yamekwisha.

Namfahamu mfanyabiashara mmoja wa kutoka ng'ambo ya ziwa aliyekaa mjini hapa miaka miwili kwa laini ya namna hiyo, iliyoandikwa jina la baba mwenye nyumba wake. Kwa miaka hiyo miwili hakuona tatizo lolote. Siku moja akaibiwa simu ndani ya basi la Sumbawanga. Katika laini ile kulikuwa na shilingi 640,000, mtaji wake karibu wote, maana siku hizi nani anaweka fedha chini ya godoro? Alipokwenda kurudisha laini akaambiwa, kwa haki kabisa, kwamba aje mwenye jina aweke kidole. Mwenye jina alikuwa amekwisha kuhama, yuko machimboni Chunya, hapatikani kila siku. Fedha haikupotea, ila haikugusika. Mwenzetu huyo alikaa wiki tatu akiuza kwa mkopo, na mwisho akatuma nauli ya kwenda na kurudi ili kidole cha mtu mwingine kimfungulie mfuko wake mwenyewe.

Nafikiri hakuna kifurushi cha bei nafuu kinachoweza kufidia hasara hiyo. Na upande wa mwenyeji nako kuna hatari. Laini yenye jina lako ikitumiwa kutapeli watu, polisi wataanza na wewe.

Kwa hiyo mgeni anayekusudia kukaa na ashughulikie karatasi zake kwanza. Wengi hawajui kwamba vitambulisho vya NIDA si vya raia peke yao. Kuna cha mgeni mkaazi mwenye kibali, na kuna cha mkimbizi. Kikipatikana, laini ni yake, na fedha iliyomo ni yake.

Jina likishapatikana, ndipo tuulize mtandao unashika wapi. Mpanda mjini, pale Kashaulili au Makanyagio, mgeni ataona mitandao yote inashika, akadhani mkoa mzima uko hivyo. La hasha. Kampuni ya simu haijengi mnara mahali penye watu wachache kwa kupenda tu. Mnara unataka umeme, ulinzi na barabara ya kuufikia. Ndiyo maana Serikali ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaozipa kampuni ruzuku ili ziende vijijini. Mwezi Mei 2023 pale Dodoma ilitiwa saini mikataba ya minara 758 nchini. Kwa mtumiaji maana yake ni kwamba kijiji kinaweza kuwa na mnara wa kampuni moja tu. Anayekwenda kulima Mishamo asiulize wauza laini wa stendi ya Mpanda. Awaulize watu wa Mishamo kijiji kile kile atakachokaa, na aulize kama inashika ndani ya nyumba, si juu ya kichuguu peke yake.

Hapa kuna mtego wa majina. Kongo kuna Vodacom na Airtel, na huku kwetu kuna Vodacom na Airtel. Mgeni huona rangi zile zile akadhani yuko nyumbani. Lakini laini ya Kongo ikitumika huku iko ugenini na hutozwa kama mgeni, hata jina likiwa lile lile. Vivyo hivyo Halotel ya hapa na Lumitel ya Burundi: mama yao ni mmoja, Viettel ya Vietnam, lakini kila moja ina laini na bei zake. Na yule aliyeambiwa na shangazi yake achukue Tigo asiitafute mjini kutwa nzima. Tangu mwishoni mwa 2024 inaitwa Yas.

Sasa tufike kwenye kifurushi. Wazee wa mjini watakumbuka enzi za kutembea na laini tatu, kwa sababu kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali. Kampuni moja ililazimika kuilipa nyingine kwa kila dakika iliyopokewa. Ada hiyo ilikuwa shilingi 15.60 mwaka 2018, ikateremshwa mwaka hadi mwaka mpaka shilingi 2 mwaka 2022. Kwa hiyo sababu ya zamani ya kuwa na laini nyingi imepungua sana, na mgeni asishawishiwe kununua tatu.

Aangalie zaidi muda. Kifurushi cha siku cha shilingi 500 kinaonekana chepesi, lakini mara 30 ni shilingi 15,000. Mwenye kipato cha kila siku hana budi kununua cha siku, namwelewa. Lakini mwenye mshahara apige hesabu kwanza. Na ajue haki zake. Kanuni za mwaka 2021 zinataka mteja apewe taarifa kifurushi kikifika asilimia 75 ya matumizi na kikiisha, na asianze kukatwa salio la kawaida bila ridhaa yake.

Jambo la kupiga nje ya nchi linataka maelezo kidogo, maana katika mkoa wetu ni jambo la familia. Katumba ilifunguliwa mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi wa 1972. Ulipofika wakati wa kuchagua, zaidi ya 50,000 wa makazi ya zamani walirudi kwao, na zaidi ya 160,000 wakapewa uraia wa Tanzania mwaka 2010. Kaka yuko Katumba, dada yuko ng'ambo ya mpaka. Dakika za kifurushi cha kawaida ni za ndani ya nchi. Ukipiga namba inayoanza na 257 au 243 usidhani zitatumika hizo. Kwa mtu wa aina hii kifurushi chenye intaneti nyingi na dakika chache ndicho kinachofaa, azungumze na nduguze kwa WhatsApp. Na kwa WhatsApp anaweza kubaki na namba yake ya zamani huku laini mpya ikiwa ndani ya simu. Ila ile ya zamani aitumie mara moja moja, kwa sababu laini iliyolala miezi mingi kampuni huweza kuifunga, na baadaye namba ikapewa mtu mwingine.

Na siku ya kusajili, pale chini ya mwavuli wa wakala, akiambiwa "kidole hakijashika, weka tena," asikubali kuweka mara ya tatu na ya nne bila kuuliza. Wako matapeli wanaosajili laini ya pili kwa kidole kile kile. Akimaliza apige *106# hapo hapo, asome jina lililoandikwa na namba zilizomo, kabla hajalipa na kuondoka.