Je, Saa Yako Inahesabu Mazoezi Sawasawa?

Alfajiri si ajabu siku hizi kumwona mkazi akikimbia kando ya barabara huku akitazama saa janja mkononi. Saa hizo huonyesha hatua, umbali, mapigo ya moyo na kalori. Lakini usahihi wake unategemea sana jinsi unavyoivaa na kuitumia.

Mapigo ya moyo

Upande wa chini wa saa kuna taa ndogo, aghalabu za kijani, zinazomulika ngozi ili kutambua damu inavyopita. Saa ikilegea, hesabu huharibika. Ivae juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, umbali wa upana wa kidole kimoja. Ikaze isicheze, lakini isikubane. Asubuhi ya baridi, pasha mwili joto kwanza, kwa kuwa damu hupungua ngozini.

Ili kuihakiki, tulia, weka vidole viwili kwenye mshipa ulio chini ya kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 30 kisha uzidishe kwa mbili. Linganisha na saa.

Hatua na umbali

Saa huhesabu hatua kwa kufuata mwendo wa mkono. Ukisukuma mkokoteni au ukishikilia mtungi wa maji kichwani, hatua nyingi huenda zisihesabiwe. Nayo bodaboda kwenye barabara mbovu yaweza kukuongezea hatua ambazo hukupiga. Tembea hatua 100 ukihesabu mwenyewe, uone saa itasema ngapi.

Kwa umbali, kabla ya kuanza simama mahali pa wazi hadi saa inase mawimbi ya setilaiti. Unaweza kuijaribu kwenye uwanja wa kawaida wa riadha: mzunguko mmoja wa njia ya ndani ni mita 400, hivyo mizunguko miwili na nusu ni kilomita moja.

Kalori

Haya ni makadirio tu. Jaza umri, urefu na uzani wako halisi, na uteue aina ya zoezi unalofanya. Hata hivyo, usijiongezee chakula kwa sababu saa imesema umechoma kalori nyingi.

Saa si daktari

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza watu wazima wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Kipimo rahisi kisichohitaji saa ni hiki: unaweza kuzungumza, lakini huwezi kuimba.

Jihadhari na saa zinazodaiwa kupima sukari mwilini bila kutoboa ngozi. Februari 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani (FDA) ilionya kwamba haikuwa imeidhinisha hata moja. Mgonjwa wa kisukari akitegemea tarakimu hizo anaweza kukosea kipimo cha dawa na kuhatarisha maisha yake.

Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi, acha mazoezi na utafute matibabu mara moja, hata kama saa inaonyesha kila kitu ki sawa.

Ikiwa una shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo, fika kwanza kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe upate ushauri kabla ya kuanza mazoezi.